Anayelala uani kwa ajili ya pumu asikilizwe

Hapa Kilwa Kivinje mtu akitoa kitanda uani msimu wa kaskazi, hakuna anayemuuliza. Joto la Januari linajulikana, na mtaa mzima uko barazani mpaka usiku mkubwa. Lakini masika ikishapita, kusi ikaanza kuvuma, na mtu yule yule bado analala nje, maneno huanza. Atasemwa amegombana na mumewe. Atasemwa chumbani kwake kuna jambo. Akieleza kwamba ni kifua kinachomtoa ndani, jibu atakalopewa ni moja: umande huo ndio unaokumaliza, rudi ndani ujifunike.

Naandika kuwatetea watu hao. Wengi wao wana pumu, na wamejua kwa miili yao jambo ambalo sayansi ilichukua miaka mingi kulithibitisha: kwa mgonjwa wa pumu, mahali pa hatari kuliko pote nyumbani panaweza kuwa kitandani. Kuwasema mpaka warudi ndani, bila kugusa kilichowatoa, ni kuwarudisha kwenye ugonjwa. Kuwaacha nje, kwa mbu na vibaka, nako si kuwasaidia. Kazi iliyo mbele yetu ni kukitengeneza chumba mpaka mgonjwa aweze kupumua humo, na kuijaza zahanati dawa inayostahili.

Nimefundisha sayansi katika shule za msingi za wilaya hii mpaka nikastaafu, na pumu ninayo tangu utoto. Marehemu mama alikuwa mkulima na msusi wa mikeka. Darasani hakuingia, lakini ndiye wa kwanza kuona kwamba kifua changu hubana zaidi nikilala ndani kuliko nikilala nje. Alikuwa akinitandikia mkeka baraza ya nyuma, akikaa pembeni na kunisugua mgongo, na kabla ya adhana ya alfajiri ule mluzi wa kifuani ulikuwa umetulia. Bibi mzaa baba alikuwa akimgombeza: “We mwana, utaniulia mjukuu kwa umande.” Mama hakujibishana naye. Usiku ukifika, alinitoa tena.

Miezi kadhaa kila mwaka nami nalala uani. Kitanda changu ni cha kamba, kimewambwa kwa ukindu. Juu yake pana mkeka, shuka moja na kanga ya kujifunika. Chandarua kimefungwa pembe nne: mbili kwenye kamba ya kuanikia nguo, moja kwenye mpapai, na moja kwenye msumari wa ukuta wa choo. Pindo lake nalikunjia chini ya mkeka pande zote, maana mbu hahitaji zaidi ya upenyo wa kidole. Asubuhi chandarua huwa kimelowa umande. Nakitandaza kivulini mpaka kikauke. Kifua hakijawahi kunidai kwa umande huo.

Kwa nini ndani ni pabaya? Madaktari wa zamani walijua kwamba vumbi la nyumba huwadhuru wenye pumu, ila hawakujua ndani ya vumbi kuna nini. Katika mji wa Leiden, Uholanzi, miaka ya 1920, daktari Willem Storm van Leeuwen alijenga vyumba maalumu visivyo na vumbi la nyumbani, akawalaza wagonjwa wake humo, na wengi wakapata nafuu. Mwaka 1964 watafiti wa mji huo huo, Reindert Voorhorst na Frits Spieksma, ndipo walipomtaja mhusika: utitiri wa vumbi, mdudu wa miguu minane asiyefika hata nusu milimita, ndugu wa utitiri tunaoujua kwenye mabanda ya kuku.

Utitiri huu haung'ati. Chakula chake ni magamba ya ngozi yanayotupukutika tukilala. Maji haunywi, huyavuta kutoka kwenye unyevu wa hewa, ndiyo maana hewa ikiwa kavu hufa, na ikiwa na unyevu mwingi kama yetu ya pwani huzaana mwaka mzima. Kinachomuumiza mgonjwa ni mavi yake, punje ndogo ambazo haziwezi kuelea hewani kwa muda mrefu. Zikitimuliwa hutua upesi. Kwa hiyo unaweza kupita chumbani mara kumi mchana usidhurike, kisha usiku ukalaza shavu kwenye mto, ukageuka mara moja, na pua ikawa imezama kwenye kilichokuwa kimetua.

Ushahidi ulionigusa zaidi unatoka mbali, Papua New Guinea. Katika milima ya mashariki ya nchi hiyo, kwa watu wa kusini wa kabila la Fore, pumu ilikuwa jambo la nadra sana. Ikaanza kuongezeka, hasa kwa watu wazima. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 1985 walizikuta blanketi za pamba, zilizokuwa zimeingia vijijini miaka ya karibuni wakati huo, zimejaa utitiri, na wagonjwa walikuwa na mzio nao. Watu wale hawakuhamia mjini, wala hawakujenga viwanda. Kitu kilichobadilika ni matandiko.

Nasi tumebadilisha matandiko. Kizazi cha mama kililala kwenye mkeka na kitanda cha kamba, vitu ambavyo hupigwa maji, hukung'utwa na kukauka kwa jua la asubuhi moja. Leo godoro la sponji ni heshima ya nyumba. Hununuliwa kwa harusi, hukaa kitandani mpaka watoto wa ndoa ile wanaoa, na katika muda wote huo huenda lisione jua. Chini ya kichwa kuna mto wa sufi. Nimewahi kuufumua mto mmoja wa zamani wa nyumbani kwetu. Sufi mpya ni nyeupe na inafumuka ukiibonyeza. Hii ilikuwa imeshikana mabonge, imegeuka rangi ya chai, na kwenye mishono ya pembeni mlikuwa na unga mwembamba wa kijivu. Nilipoutikisa mfuko wake juani, unga ule ulisimama hewani, haujulikani unatua wapi. Mjukuu wangu, ambaye pumu ameirithi kwangu, alikuwa amesimama mlangoni. Alipiga chafya mfululizo, akaanza kujikuna macho, na tulimaliza jioni ile kwa dawa. Mto wenyewe niliuchoma moto.

Utitiri hauko peke yake. Kuna mende, ambaye kinyesi chake na mabaki ya mwili wake ni mzio mkali. Utafiti wa mwaka 1997 katika miji ya Marekani ulionyesha kwamba watoto wa familia maskini wenye mzio wa mende, na wanaoishi nao, hulazwa hospitali kwa pumu mara nyingi kuliko wenzao. Kuna panya, wanaofuata magunia ya ufuta na korosho yanayohifadhiwa chumbani yakisubiri mnada. Kuna kuku wanaolazwa ndani kwa kuogopa kicheche na wezi. Kuna paka wetu wa pwani, ambao mzio wao hutoka kwenye mate na ngozi, ukakauka juu ya manyoya na kuelea hewani kwa saa nyingi. Kuna dawa ya mbu ya kuchoma inayofuka mpaka alfajiri, na udi na ubani, ambavyo sisi tunavipenda lakini mapafu ya mgonjwa hayavitaki.

Na kuna ukungu. Kimbunga Hidaya kilipotufikia Mei 2024, habari kubwa ilikuwa barabara ya Lindi na Dar es Salaam kukatika Somanga, na ilikuwa haki yake. Lakini maji yalipokwisha ndani ya nyumba, yaliacha magodoro yaliyolowa mpaka kiini na kuta zenye madoa meusi. Watu hawakuwa na fedha za kununua mengine. Waliyaanika, yakakauka juu, wakayalalia. Kumwambia mgonjwa wa pumu arudi kwenye godoro la namna hiyo ni kama kumwambia mtu aliyekimbia moshi wa tanuru la chokaa arudi akapumzike humo.

Hata hivyo, sitamwambia mtu yeyote wa mkoa huu kwamba kulala nje ni salama kwa hali yoyote. Malaria hapa ni nyingi kuliko sehemu kubwa ya nchi. Mbu wale wale wa usiku ndio waliotuletea matende na mabusha, maradhi ambayo pwani ya Lindi inayajua kuliko maeneo mengi, na ambayo tumekuwa tukimezeshwa kingatiba kuyaondoa. Anayelala nje bila chandarua amekimbia ugonjwa mmoja akakaribisha mitatu. Vyandarua tunavyo: mpango wa kugawa vyandarua kupitia shule za msingi ulianza mwaka 2013 katika mikoa mitatu ya kusini, yaani Lindi, Mtwara na Ruvuma, na mikono yangu mwenyewe imegawa. Tatizo ni kwamba tulifundisha kuvifunga juu ya kitanda cha ndani tu. Hakuna aliyewaonyesha watu namna ya kuvifunga chini ya mwembe.

Mashambani hofu ni nyingine tena. Kati ya mwaka 1990 na 2004 simba waliua watu zaidi ya 560 Tanzania, na wilaya za kusini mashariki, Lindi ikiwemo, ndizo zilizoumia zaidi. Wengi walikamatwa msimu wa mavuno, wakiwa wamelala kwenye dungu shambani kulinda mazao yasiliwe na nguruwe pori. Mzee wa Mchinga au Kiranjeranje akikataza mtoto asilale nje, ana kumbukumbu ya misiba anayoijua kwa majina. Mwanamke anayeishi peke yake naye ana hofu yake, na mpangaji wa chumba kimoja Kilwa Masoko au Lindi mjini hana hata uani pa kuweka kitanda.

Tena hewa ya nje si safi miezi yote. Kuanzia Juni hadi Septemba wakulima wa korosho hupulizia salfa ya unga kuzuia ubwiriunga. Kazi hufanywa alfajiri, majani yakiwa na umande ili unga ushike, na upepo huuchukua mpaka majumbani. Hata mtu mzima wa kifua hujifunga kanga puani. Aliye na pumu na amepakana na mikorosho asithubutu kulala nje msimu huo. Baridi ya kusi ya Julai nayo huwabana baadhi ya wagonjwa. Na mwili una saa yake: kwa binadamu wote njia za hewa huwa nyembamba zaidi karibu na saa kumi alfajiri, ndiyo maana pumu hupenda kuamsha watu wakati huo hata wakiwa wamelala mahali pasafi.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mgonjwa ni ule niliokuwa nikiwapa wanafunzi wa darasa la sita: ukitaka kujua sababu, badilisha kitu kimoja kwa wakati. Ukilala nje juu ya mkeka ukapumua vizuri, umebadilisha vitu viwili pamoja. Umeacha chumba, na umeacha godoro. Sasa kiingize kitanda kile kile cha kamba na mkeka ule ule ukumbini, na godoro lisikufuate. Fungua dirisha na uache upepo upite. Lala hivyo usiku kadhaa, dawa yako ikiwa karibu. Ukiendelea vizuri, jua mkosaji wako ni godoro na mto, si nyumba nzima. Kisha hamia chumbani, bado bila godoro. Kifua kikibana humo, tafuta ukungu, mende, magunia na moshi. Mwenye pumu kali, anayelazwa mara kwa mara, asifanye haya bila kumwambia mhudumu wake wa afya.

Mimi jaribio hilo lilinipa jibu wazi. Ukumbini juu ya mkeka napumua karibu sawa na uani. Juu ya godoro la chumbani sifiki saa nane ya usiku. Ndiyo maana msimu wa salfa na wa mvua kitanda changu huingia ukumbini, na mjukuu wangu halalii godoro kabisa.

Wasiotaka kuachana na godoro, na siwalaumu, wana ya kufanya. Shuka na foronya zifuliwe kila wiki kwa maji ya moto yasiyopungua nyuzi 55, kwa sababu maji ya baridi hayauui utitiri. Godoro lianikwe jua kali la mchana, pande zote mbili, likapigwe na mtu asiye na pumu, mbali na mgonjwa. Kupigwa ni lazima: jua huua mdudu, lakini mavi yake hubaki palepale. Mito ya sufi ya mgonjwa iondoke. Na tusidanganyane kwamba kifuniko cha godoro peke yake kinatosha. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2003, uliowahusu watu wazima zaidi ya 1,000, haukuona nafuu kwa waliopewa vifuniko tu. Mambo haya husaidia yakifanywa pamoja, na dawa ikiwemo.

Nikija kwenye nyumba zenyewe, nina neno na mafundi na wenye nyumba. Pwani hii ilijua kujenga kwa kuufuata upepo. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliona nyumba za miti zilizoezekwa kwa matete. Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lilijengwa juu ya genge linalotazama bahari, likiwa na nyua zilizo wazi. Nyumba zetu za kawaida za udongo zina ukumbi unaotoka mlango wa mbele mpaka wa uani, na milango yote miwili ikiwa wazi hewa hupita moja kwa moja. Udhaifu wake uko vyumbani, ambako dirisha ni dogo, nalo hufungwa magharibi kwa kuogopa mbu na wezi. Sasa tunajenga kwa tofali za saruji na bati, madirisha ya vioo ya kusukuma ambayo nusu yake haifunguki, na silingibodi inayohifadhi popo. Ni nyumba imara. Lakini unyevu ukiingia haupati pa kutokea.

Kwamba inawezekana kujenga vingine, jirani zetu wa Mtwara wameonyeshwa. Katika vijiji vya mkoa huo watafiti wamejenga nyumba 110 za mfano, zenye ghorofa, watu wakilala juu, kuta zikiwa kwa sehemu kubwa ni wavu unaopitisha upepo na kuzuia mbu, jiko likipunguza moshi, na maji ya mvua yakikingwa. Lengo lao lilikuwa kupima kama watoto wa nyumba hizo wanaugua kidogo malaria, kuhara na maradhi ya njia ya hewa. Pumu haikuwa shabaha yao. Lakini mimi nikitazama ukuta ule wa wavu naona kitu mama yangu alichokuwa akikitafuta barazani: hewa ya nje, bila mbu wa nje. Si kila mtu atajenga ghorofa. Kila mtu anaweza kudai dirisha kubwa lenye wavu mzima na nondo, na upenyo wa wavu chini ya paa, kabla fundi hajafunga ukuta.

Jikoni nako pasisahaulike. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba hewa chafu ya majumbani ilichangia vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na serikali yetu hutaja vifo takribani 33,000 kila mwaka nchini vinavyohusishwa na nishati chafu ya kupikia. Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa taifa unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 katika maji yetu haya ya Kilwa, na tangu 2004 inapita kwa bomba kwenda kuzalisha umeme Dar es Salaam. Ni haki wilaya iliyotoa gesi hiyo isiwe ya mwisho kutoka kwenye mkaa na kuni. Wakati tunasubiri, jiko litoke kwenye ukuta wa chumba cha kulala, hasa cha mtoto mwenye pumu.

Yote niliyoyasema hayatoshi bila dawa, na hapa ndipo moyo unaponiuma zaidi. Mwaka 2019 watu milioni 262 duniani walikuwa na pumu, na 455,000 walikufa kwayo, wengi katika nchi za kipato cha chini na za kipato cha kati cha chini kama yetu. Walikufa kwa ugonjwa ambao dawa yake ipo. Pumu inahitaji dawa ya kuvuta ya aina mbili: ya kufungua njia za hewa haraka, ambayo mara nyingi ni inhela ya bluu, na ya kuzuia, inayotuliza uvimbe ndani ya mapafu na kuvutwa kila siku hata kama huumwi. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu haushauri tena mgonjwa atibiwe kwa ile ya kufungua peke yake. Lakini nimekwenda kwenye kituo kimoja cha afya nikiwa nahema, nikaambiwa niache kulala nje, nikapewa vidonge, na hakuna aliyeniuliza nalalia nini wala kuzungumzia dawa ya kuzuia.

Mtaani nako kuna imani kwamba ukianza inhela hutaiacha mpaka kufa, na kwamba ni dalili kuwa mtu amefika mwisho. Nimeona wazazi wakiificha ili binti asikose mchumba. Imani hiyo inaua. Inhela hupeleka dawa kidogo moja kwa moja kwenye mapafu, pale inapotakiwa, wakati kidonge huzunguka mwili mzima, hutetemesha mikono na kuuharakisha moyo.

Kwa watoto wadogo, shida ni kuvuta wakati ule ule inhela inapobonyezwa. Mwaka 1999 daktari Heather Zar na wenzake wa Cape Town walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, ikitobolewa kitakoni tundu linaloshika mdomo wa inhela barabara, inasaidia watoto waliobanwa sawa na kifaa cha dukani. Cha mjukuu wangu tulikitengeneza kwa chupa ya maji. Tulipasha waya moto, tukatoboa kitako kwa kuufuata mzunguko wa inhela, tukaziba pembeni kwa gundi ili hewa isivuje, na tukaiosha. Yeye hushika mdomo wa chupa kwa midomo, mimi nabonyeza, naye anapumua taratibu ndani na nje. Kila muuguzi wa zahanati anaweza kumfundisha mama kutengeneza chupa hiyo kwa muda mfupi tu wa kliniki.

Basi hivi ndivyo vitu ninavyodai. Wazazi na majirani, mwenye pumu anayelala uani apewe chandarua na ulinzi, si maneno. Wakuu wa shule za bweni, magodoro yaanikwe kwa ratiba, mwanafunzi mwenye pumu alale karibu na dirisha, na inhela yake akae nayo mwenyewe badala ya kufungiwa kabatini kwa matroni. Wanaogawa vyandarua, wafundishe pia kuvifunga nje. Wahudumu wa afya, kila anayekuja na kifua kinacholia aulizwe analala wapi, juu ya nini, na jiko liko upande gani. Wizara na halmashauri, dawa ya kuvuta ya kuzuia pumu ifike mpaka zahanati ya kijiji, kwa bei ambayo mvuvi wa Songo Songo na mkulima wa Njianne wanaimudu.

Diwani anayetaka kuanza hana haja ya kusubiri mradi. Kikao cha bajeti cha halmashauri kikikaa, asimame aulize ni zahanati ngapi za kata yake zilizo na dawa hiyo leo, na zilizokosa zitaipata mwezi gani. Jibu liandikwe kwenye muhtasari, kisha lisomwe kwenye mkutano wa kijiji, mbele ya sisi tunaoamka saa kumi alfajiri kutafuta pumzi.